Gari limepewa kivuli, mtu amepewa jua

Pita katikati ya Dar es Salaam saa nane mchana. Anzia Mnara wa Saa, fuata Mtaa wa Samora mpaka Sanamu ya Askari, kisha teremka kuelekea Posta ya Zamani. Kila nikipita njia hiyo naona jambo lilelile: penye mti wenye kivuli pameegeshwa gari. Limefika asubuhi na mwenyewe, likafungwa vioo, na hapo litashinda mpaka jioni. Watu je? Mama aliyebeba mtoto mgongoni anasubiri zamu yake ya kumwona daktari akiwa amesimama juani. Mzee aliyeambiwa na karani arudi baada ya chakula cha mchana amejikunyata kwenye ukingo wa mtaro. Kijana mwenye bahasha ya kaki iliyojaa vyeti amejaribu kukaa kwenye ngazi za benki, na mlinzi amemwinua kwa adabu: "Samahani kaka, hapa hapakaliwi."

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Wengi wao hawana gari na hawatakuwa nalo karibuni. Lakini ukingo wa barabara katikati ya jiji, ardhi ya umma yenye thamani isiyosemeka, tumeugawa kana kwamba kila mkazi ana gari na hakuna anayechoka miguu.

Nasema hivi: halmashauri zetu zichukue nafasi chache za kuegesha magari, moja hapa, mbili pale, zizigeuze vibaraza vya watu kukaa. Kila kimoja kiwe na viti, kivuli, na njia ya kumwingiza mwenye kiti cha magurudumu. Na sharti kubwa kuliko yote: asiulizwe mtu amenunua nini. Bila sharti hilo, bora magari yaendelee kulala hapo, maana tutakuwa tumemnyang'anya dereva na kumpa mwenye mgahawa, huku aliyesimama juani akiendelea kusimama.

Saa mbili za majani mabichi

Wazo hili lina historia. Tarehe 16 Novemba 2005, mjini San Francisco, Marekani, kikundi cha wasanii na wabunifu kilichojiita Rebar kilikwenda kwenye nafasi ya maegesho katikati ya mji, kikalipia mita kama dereva yeyote. Badala ya kuegesha gari, walitandika majani mabichi juu ya lami, wakaweka benchi moja na mti kwenye chungu. Wapita njia wakakaa. Saa mbili zilizolipiwa zilipokwisha, walikunja majani yao, wakafagia, wakaenda zao. Picha zikasambaa. Tangu mwaka uliofuata, watu wa miji mingi duniani wamekuwa wakirudia jambo hilo kila Septemba, kwa kawaida Ijumaa ya tatu ya mwezi.

Utani wote ulikuwa kwenye mita. Mita haiulizi umeegesha nini. Ukishalipa, umekodi mita kadhaa za mraba za jiji kwa saa ulizolipia. Wale vijana wakauliza swali jepesi ambalo wakubwa wa mipango miji walikuwa hawajajiuliza: kama ardhi hii inakodishwa, kwa nini mpangaji awe gari peke yake?

Jiji halikuwafukuza. Mwaka 2009 lilianzisha mpango wa kugeuza vipande vya lami kuwa mahali pa watu, na mwaka 2010 vibaraza vya kwanza vikajengwa kwenye nafasi za maegesho. Wenyewe wanaviita parklet. Utaratibu wake ndio ulionivutia. Mwenye duka, mkazi wa mtaa au taasisi huomba kibali, hulipia ujenzi na matunzo, lakini hapati umiliki. Ilikuwa lazima kibandikwe kibao cha kumjulisha mpita njia kwamba viti vile ni vya kila mtu, na mhudumu wa mgahawa hakuruhusiwa kuhudumia pale kana kwamba ni meza zake. São Paulo ya Brazili ilipotunga kanuni zake mwaka 2014, nayo iliweka sharti la aina hiyo: anayefadhili afadhili, lakini mahali pabaki pa umma.

Msomaji wa pwani hapo lazima atabasamu. Watu wa Mji Mkongwe wa Zanzibar, wa Lamu na wa Mombasa walilijua hili karne nyingi kabla ya mita za maegesho. Mwenye nyumba hujenga baraza, yaani benchi la mawe kwenye ukuta wake, kwa gharama zake, lakini wanaolikalia ni jirani, mpita njia, muuza kahawa na wacheza bao. Mvua kubwa ikijaza maji kwenye vichochoro, watu hupita juu ya baraza bila kubisha hodi. Yaani gharama ni za mmoja na faida ni ya mtaa mzima. Wamarekani wamelifikia hilo kwa kupitia mita. Sisi tulikuwa nalo mlangoni, tukaliacha tulipoanza kujenga maghorofa yenye uzio na mlinzi.

Soda ya kulipia kiti

Katika jiji letu kukaa kuna bei, ila hatujazoea kuihesabu. Mwalimu mstaafu ametoka Mkuranga kufuatilia madai yake. Ameambiwa asubiri. Ataingia mgahawani, ataagiza soda asiyokuwa na kiu nayo, ili mradi apate kiti. Soda ikiisha, mhudumu ataanza kufutafuta meza karibu na kiwiko chake, naye ataelewa. Mama mwenye watoto wawili atanunua soda tatu. Akifuatilia jambo hilo mara kadhaa ndani ya mwezi, ameshatumia hela ya mboga ya siku nyingi kulipia kitu kimoja tu: ruhusa ya kupumzisha miguu katika mji anaoulipia kodi.

Asiye na hela ya soda husimama. Na kusimama si jambo dogo kwa mjamzito, kwa mgonjwa wa sukari, kwa mzee mwenye magoti mabovu, kwa mtu aliyetoka kutolewa damu. Wapo wazee wanaoahirisha kwenda mjini kwa sababu wanajua hawatapata pa kukaa njiani. Wakiahirisha, dawa inachelewa, hati inachelewa, pensheni inachelewa. Nani huyahesabu hayo anapochora barabara? Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Anayetoka ofisi yenye kiyoyozi na kuingia kwenye gari lenye kiyoyozi atajuaje kwamba kutoka Kivukoni mpaka Mnazi Mmoja ni mbali?

William H. Whyte, Mmarekani aliyetumia miaka akiwapiga picha za filamu watu wa New York katika viwanja vidogo vya mjini, alichapisha kitabu mwaka 1980 chenye jibu ambalo mtoto wa shule angeweza kulitoa: watu hukaa pale palipo na mahali pa kukaa. Tangu 1961 jiji hilo lilikuwa likiwaruhusu wenye maghorofa kuongeza nafasi za kupangisha iwapo wangeacha uwanja wazi kwa ajili ya umma. Wengi waliacha viwanja vitupu, visivyo na pa kukaa, na watu wakavipita bila kusimama. Mwaka 1975 jiji likabadili masharti: uwanja lazima uwe na viti. Ilibidi kiti kiandikwe kwenye sheria.

San Francisco nayo ina funzo la upande wa pili. Korona ilipoingia mwaka 2020, jiji liliruhusu migahawa itoe meza barabarani ili isife. Vibaraza viliongezeka kwa kasi, na uamuzi ule uliokoa ajira za watu wengi. Hali ilipotulia, mwaka 2021 jiji liliufanya mpango huo kuwa wa kudumu na kuvigawa vibaraza kwa mafungu: vya umma kabisa, na vya biashara ambapo mwenye mgahawa anahudumia wateja wake. Simlaumu mwenye mgahawa, anatafuta riziki. Lakini angalia jinsi ilivyo rahisi kiti cha bure kugeuka kiti cha mteja. Kama mji uliobuni jambo hilo umelazimika kutenganisha mafungu, sisi tutakaoanza leo tuandike sharti letu kabla ya kupiga msumari wa kwanza.

Ukiona vyaelea, vimeundwa

Kibaraza cha barabarani si benchi lililotupwa juu ya lami. Nafasi moja ya maegesho ni kama mita 2.5 kwa mita 5, yaani mita za mraba zisizozidi 13. Katika udogo huo kila kosa linaonekana.

La kwanza ni usawa. Sakafu ya kibaraza ijengwe ilingane na njia ya waenda kwa miguu, bila ngazi wala mwanya, ili kiti cha magurudumu, mkongojo na kigari cha mtoto vipite. Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Hapa ndipo mahali pa kuonyesha kwamba tuliisoma.

La pili ni maji. Ukingo wa barabara ndiko maji ya mvua yanakokimbilia. Miongozo ya San Francisco inataka maji yapite chini ya sakafu bila kizuizi, na huko masika yetu hawayajui. Hapa mtaro ukizibwa mchana, jioni duka la jirani lina maji hadi kwenye rafu. Kwa hiyo sakafu iinuliwe, uwepo upenyo wa maji, na vipande vyake viweze kufunuliwa ili takataka zizolewe.

La tatu ni usalama. Upande wa magari uwe na kingo imara, yenye kimo cha kumzuia mtoto asichomoke, lakini isiyomficha aliyekaa asionekane na dereva. Mwanzoni na mwishoni viwekwe vizuizi vya magurudumu na nguzo zinazong'aa usiku. Wamarekani hupendelea mitaa ambayo mwendo wa magari hauzidi kama kilomita 40 kwa saa. Sisi tuna bodaboda na bajaji zinazopenya popote, kwa hiyo tuchague mitaa ya taratibu zaidi, tuepuke kona, vituo vya daladala na mabomba ya zimamoto.

La nne ni kivuli, na hapa tusiige mtu. San Francisco ni mji wa ukungu na upepo wa baridi. Wenzetu kule wanalitafuta jua. Sisi tunalikimbia. Kibaraza kisicho na paa Dar es Salaam ni kikaango. Bati litachoma, makuti yataleta hofu ya moto. Turubai zito lililokazwa vizuri, au kichanja cha mbao kilichotambaliwa na mpasheni, vinatosha. Pakiwa na mwarobaini tayari, kibaraza kijengwe chini yake na gari lihamie kwingine.

La tano ni vifaa. Tunaujua mji wetu: chuma kisichofungwa kitaishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na mbao laini italiwa na mchwa. Benchi la zege lililosakafiwa vizuri halibebeki, halioshwi kwa shida, na fundi wa mtaani analijua. Benchi hilo lipewe egemeo, kwa sababu mzee bila egemeo hapumziki.

La mwisho ni la kijamii. Baraza la zamani, pamoja na uzuri wake wote, lilikuwa la wanaume. Mwanamke alipita, hakukaa. Kibaraza cha leo kikijengwa kwa benchi moja refu linalotazama barabara, wanaume watalijaza na dada atapita akiinamisha kichwa. Viti vigawanywe: vingine viwili viwili, vingine vikitazamana, pawe na taa, na aliyekaa aonekane na wapita njia. Mama anayetaka kumnyonyesha mtoto naye apate kona yake.

Majirani wameshajaribu

Nairobi mwaka 2019 iliigeuza Luthuli Avenue, mtaa uliojulikana kwa msongamano na maduka ya vifaa vya umeme. Barabara ikawa ya kwenda upande mmoja, njia za waenda kwa miguu zikapanuliwa, pakawekwa viti na mimea. Kigali mwaka 2015 ilifunga sehemu ya barabara ya KN 4 kwa magari. Kwa muda mrefu palibaki lami tupu ambayo watu walipita bila kutulia. Ilipokarabatiwa na kuwekwa viti, miti na vibanda, ikawa Imbuga City Walk, mahali pa watu kukutana. Somo la Kigali ni la kulishika: kuondoa magari ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kumpa mtu sababu ya kubaki.

Na kazi hiyo si lazima ianze na mamilioni. New York ilipofunga sehemu ya Broadway pale Times Square mwezi Mei 2009, ilitandaza kwanza viti vya bei rahisi vya kukunja, vile vya ufukweni. Watu walivikalia siku hiyohiyo. Ujenzi wa kudumu ulikuja baadaye, jambo likiwa limeshathibitishwa na makalio ya wananchi wenyewe.

Kwa wanaoguna

Najua wapo wanaoguna. Magari yataenda wapi? Sijasema tuyafukuze. Mtaa wenye nafasi 40 ukitoa mbili, dereva atazunguka kidogo zaidi, basi. Piga hesabu: viti kumi, kila mtu akae nusu saa, kwa saa kumi za mchana, ni watu 200. Hata ukikata nusu kwa sababu ya mvua na uvivu, wanabaki watu 100. Nafasi hiyohiyo ikilaliwa na gari kutwa nzima inamhudumia dereva mmoja, naye hayumo ndani.

Na mapato? TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, wanakusanya ushuru wa maegesho na wanauhitaji kwa matengenezo ya barabara. Ni kweli. Lakini ushuru wa nafasi mbili kati ya 40 si fedha ya kuifilisi taasisi. Upande wa pili wa daftari kuna duka ambalo watu wametulia mbele yake badala ya kulipita mbio, kuna mama lishe ambaye mteja wake sasa ana pa kukalia, kuna familia ambazo hela ya soda imebaki mfukoni.

Wengine wanasema patageuka kijiwe cha wahuni. Hapa niseme bila kupepesa. Anayekaa hotelini kutwa nzima na kikombe kimoja cha kahawa ya bei mbaya anaitwa mteja. Anayekaa chini ya mti bila kununua kitu anaitwa mzururaji. Tabia ni ileile, tofauti ni risiti. Uhuni unapenda giza na mahali pasipopitwa na mtu. Kibaraza chenye taa, mbele ya duka la dawa, kina macho mengi kuliko askari tunaoweza kuwaajiri.

Hoja nzito kuliko zote ni ya biashara ndogondogo. Baada ya wamachinga kuondolewa njiani mwaka 2021, kila mtu anaogopa kwamba benchi litakuwa meza ya mitumba ndani ya wiki. Hofu hiyo ina msingi, ndiyo maana nisingeanzia Kariakoo, ambako kila futi ya ardhi inagombewa na mizigo ya kushushwa. Kwingineko nashauri kila kibaraza kipewe muuza kahawa mmoja. Asilipishwe kodi. Kazi yake iwe kufagia, kumwagilia mimea na kutoa taarifa pakiharibika kitu. Atauza kahawa na kashata kwa anayetaka. Asiyetaka akae bila kuulizwa. Mali ya umma hufa kwa kukosa mtu anayeiamkia asubuhi. Huyo atakuwa mtu wake.

Waanzie hospitalini

Ninachoomba ni kidogo. Kila halmashauri ya jiji ichague milango mitatu: wa hospitali, wa ofisi ya umma yenye foleni, na wa shule au soko dogo. Mbele ya kila mlango itenge nafasi moja ya maegesho kwa miezi sita, kuanzia kabla ya masika ili mvua ziwe sehemu ya mtihani. Wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi wachore, mafundi wa mtaa wajenge, serikali ya mtaa isimamie. Kampuni ikitaka kufadhili, karibu, jina lake liandikwe kwa herufi ndogo. Kwa herufi kubwa paandikwe: HAPA MTU YEYOTE ANAWEZA KUKAA, HALIPI.

Miezi sita ikiisha, wapelekwe madiwani wenyewe, bila magari yao, wakae hapo saa moja ya mchana wa jua kali na kuhesabu wanaokuja. Pakiwa patupu, rudisheni gari, nami nitanyamaza. Pakiwa pamejaa, msituletee tena habari ya upungufu wa maegesho kabla hamjatuambia mtawakalisha wapi wagonjwa.